Tunaongea Kiswahili kwenye ripita, wazee wa hapa wananuna. Ni sheria, ni ustaarabu au ni roho mbaya tu?

mnyalu_dfw (Dallas, Texas)

Habari zenu wadau. Niko Dallas huku, nimepata leseni ya redio ya ridhaa, hii wanaita hem, ile ngazi ya chini ya Technician, mtihani maswali 35 unatakiwa upate 26, ukipita unalipa FCC, wale wa serikali wanaosimamia masafa huku, dola 35 wanakupa kolsaini, yaani jina lako la hewani, basi miaka 10 huna presha. Nina redio ya mkononi ya Baofeng UV-5R na antena ya sumaku nimebandika juu ya gari. Sasa kuna jamaa yangu Mkenya wa Eldoret na yeye kapita mtihani, huwa tunakutana hewani jioni tukitoka kazini, yeye yuko upande wa Fort Worth mimi Garland, kwa hiyo bila ripita, ile mashine ya mnarani inayopokea sauti yetu na kuirusha tena mbali, hatusikilizani kabisa. Tunapiga stori zetu kwa Kiswahili, mpira, kazi, nani kafiwa nyumbani, mambo ya kawaida tu hakuna matusi wala nini.

Juzi kati akaingia mzee mmoja, hata kolsaini hakusema, akasema hii ripita ni ya Kiingereza kama mnataka lugha yenu pigianeni simu. Mwingine akacheka. Mwingine akasema mnajaza taima, ile saa ya ripita inayokata ukiongea mfululizo. Tukanyamaza. Kesho yake nikaita mwenyewe kwa Kiingereza safi kabisa, kimyaaa, nikarudia, kimya. Haukupita muda mzee mwingine kaita, wakamjibu kwa mpigo kama walikuwa wanamsubiri.

Swali langu wakuu, kuna sheria inanikataza Kiswahili? Na kama hakuna, kuna ustaarabu gani wa hizi ripita ambao sisi hatukuambiwa, maana kitabu cha mtihani kinafundisha volti na ohmu, hakuna ukurasa wa kuishi na watu. Au ni roho mbaya tu niachane nao?

---

Fundi_Masafa (Columbus, Ohio)

Mkuu mnyalu hongera kwa leseni kwanza. Mimi nimeanza zamani kidogo, niseme ninavyoijua.

Sheria ni nyepesi. Kanuni za FCC sehemu ya 97, kifungu cha 97.119, zinataka useme kolsaini yako angalau kila dakika 10 na mwisho wa maongezi, na ukiitaja kwa sauti uitaje kwa Kiingereza. Hiyo tu ndio ya Kiingereza. Kumbuka hata kwenye mtihani wako kuna swali la hivyo. Maongezi yenyewe unaongea Kiswahili, Kinyakyusa, Kihehe, utakacho. Kinachokatazwa ni mafumbo yaliyotungwa makusudi kuficha maana, na lugha ya watu zaidi ya milioni mia sio fumbo, asiyeielewa akajifunze. Kwa hiyo katika kisa chako hapo aliyevunja sheria ni yule mzee aliyeingia bila kusema kolsaini 😂

LAKINI. Na hapa vijana wengi hawapendi kusikia. Masafa hayana mwenyewe, sheria inasema hivyo waziwazi, ila ripita ina mwenyewe. Kuna mtu au klabu wamenunua ile mashine, wamenunua dupleksa ya kupokea na kurusha kwa antena moja, wanalipa umeme na mara nyingine kodi ya mnara, na radi ikipiga wanapanda wao. Kanuni hizohizo, 97.205, zinamruhusu mwenye ripita kuamua nani aitumie. Akikwambia wewe usitumie, huna kesi. Ila awe ni yeye mwenye ripita au aliyempa usimamizi, sio babu yeyote mwenye maikrofoni.

Sasa ustaarabu. Kitu namba moja ni NAFASI. Mwenzako akiachia kitufe utasikia kimlio, piip, kile sio pambo. Unasubiri kilie, unahesabu moyoni moja mbili, ndio unabonya. Faida yake ni mbili, kwanza taima ya ripita inaanza upya (nyingi zimewekwa dakika 3 hivi, ukipitiliza inakukata na wote mnabaki kimya), pili mtu mwenye dharura anapata upenyo wa kuingiza kolsaini yake. Sisi Waswahili tukinogewa na stori tunapokezana bila hata kupumua, mmoja hajamaliza "sasa" mwingine kashabonya. Kwenye simu sawa. Kwenye ripita mtu aliyepata ajali barabarani anabonya, na FM ilivyo, mwenye mawimbi yenye nguvu ndiye anayepita, wa redio ya mkononi anamezwa au inatoka mkwaruzo tupu. Huyo mzee wa taima hakukosea.

Na la kutojibiwa, mara nyingi sio chuki. Watu wengi wanaacha redio imewaka siku nzima kama watu wa bao wanavyoacha kibarazani watazamaji, wapo ila hawachezi. Ukisema kolsaini peke yake hawajui unataka nini. Jaribu kuomba ripoti, sema kolsaini halafu uliza sauti yangu inafikaje, ninatumia redio ya mkononi niko sehemu fulani. Mahem hawawezi kuvumilia swali la kiufundi bila kulijibu, ni ugonjwa wao.

Uliza pia redio yako ikoje. Ile ROGER kwenye menyu, ule mlio wa redio yenyewe ukiachia kitufe, umeizima?

---

nyar_kisumu (Minneapolis)

Fundi umeongea poa lakini wacha tusijidanganye. Hiyo "ongeeni Kiingereza" si mambo ya taima. Kama shida ni taima ungesema taima. Mimi nimesikia wazee wawili wakiongea juu ya nyama choma na mafuta ya trakta saa nzima, hawaachi nafasi, hawasemi kolsaini, na hakuna mtu ameingilia. Ustaarabu unakumbukwa tu wakati mgeni ameshika maiki.

Na mimi nikiwa mwanamke ndio kabisa. Nikiita tu najibiwa haraka sana, shida yangu si kimya ni maswali. Uko wapi, bwana yako ako na leseni pia, hiyo accent ni ya wapi, eti nani alikufungia antena. Nimeifunga mwenyewe na nimeiunganisha mwenyewe, asante. Kitu moja niwaambie watu wapya, kolsaini yako mtu akiiandika kwa database ya FCC anaona jina na anwani yenye ulijaza, ni ya umma, kwa hivyo jazeni sanduku la posta si mlango wa nyumba. Hii watu hawaambiwi mpaka barua ianze kuja.

Chenye kilibadilisha mambo kwangu si kunyenyekea. Nilienda training ya SKYWARN, ile ya watu wa hali ya hewa, ya kufundisha kutambua mawingu ya kimbunga. Huku kiangazi tornado ni kitu serious. Hiyo neti, yaani mkutano wa redio wenye msimamizi, ikiwa hewani hakuna stori, unangoja msimamizi akuite, unasema kolsaini, mahali uko, chenye unaona na si chenye unadhani, halafu unanyamaza. Siku moja nikaripoti mvua ya mawe, akaniuliza ukubwa, nikamwambia kama sarafu ya robo dola (ndio vile wanapima), akasema asante akaenda kwa mwingine. Sekunde kama kumi hivi. Wiki yenye ilifuata wale wazee walianza kuniita kwa jina. Sisemi ni haki mtu afanye mtihani mara mbili ndio aheshimiwe, nasema tu ndivyo ilivyokuwa.

Mnyalu usitoke hapo. Leseni yako na yao ni moja.

---

mushi_wa_kibosho

mbona mnajitesa, si kuna WhatsApp?? call ya bure, hakuna babu wa kuwaingilia, mnalipia mtihani ili mkatukanwe 🤣🤣

---

Fundi_Masafa

@mushi WhatsApp unampigia unayemjua. Huku unabonya na hujui nani atajibu, ndio utamu wenyewe. Na siku minara ya simu ikilala na umeme ukikatika utakuja kuniuliza betri ya gari inaunganishwaje.

---

kivu_desmoines (Iowa)

Jambo bandugu. Miye nilikuwaka Bukavu, sasa niko Iowa. Hii mambo inanikumbusha fonie. Mbele simu za mukono zifike, kwetu tulikuwaka na fonie ku paroise, redio kubwa na betri ya motokari, antena ya waya kati ya miti mbili. Unataka kuongea na ndugu wa Kindu, unaenda asubui, unapanga mulongo, saa yako ikifika unaongea juu juu, "mama anagonjwa, tuma mutu", basi. Kwa sababu kila poste inasikia. Ukianza kueleza mambo ya nyumba yako, Uvira yote na Kindu yote banasikia, kesho ni habari ya soko. Paka hapo tulijifunza kusema kidogo.

Sasa huku nilipofika ku ripita nikaona bale bazee banaongea hadi usiku, mambo ya operation ya goti, mambo ya imbwa yao. Nikashangaa. Miye naona ni tofauti ya kazi, kwetu ilikuwa njia ya lazima, huku ni kiti cha kupumuzikia. Kila mutu anaona kiti ni yake.

Ile ya "bwana wako ako na leseni" imenichekesha dada, bibi yangu ndiye alinifundisha.

---

mnyalu_dfw

Asanteni sana aisee sikutegemea majibu marefu hivi.

Fundi kuhusu ROGER, ilikuwa imewashwa tangu ninunue, kumbe kila nikiachia kitufe inatoa mlio wake halafu ripita nayo inatoa wa kwake, yaani piip mbili mbili kila mara. Jamaa wa Eldoret naye ana redio ileile. Nimezima. Sasa nielekeze kingine, mke wangu siku moja aliongea kwenye maiki akamsalimia jamaa, hana leseni, hiyo imekaaje?

Na nyar_kisumu asante dada, hiyo ya anwani nimeenda kujitafuta sasa hivi nikajiona mpaka namba ya apatimenti.

---

Fundi_Masafa

Shemeji kusalimia ni ruhusa ilimradi wewe mwenye leseni uko hapo unasimamia, na kolsaini ni yako wewe. Hiyo ni kwa anayejibu aliye hapahapa Marekani. Akiwa nchi nyingine ni lazima kuwe na makubaliano kati ya serikali, na Tanzania na Kenya hazimo kwenye orodha ya Marekani, kwa hiyo mkija kuingia EchoLink, ile ya kuunganisha redio kwa intaneti, mkampata mtu wa Arusha hapo shemeji akae pembeni.

Nyar_kisumu sikubishii, ubaguzi upo na nimeusikia kwa masikio yangu. Ninachosema ni kwamba anza na yale ambayo hawana pa kuyakataa. Ukishaacha nafasi, ukasema kolsaini, ukazima ROGER, halafu bado mtu akasema ongea Kiingereza, basi sote tunajua tunaongelea nini.

Jambo lingine dogo mnyalu. Ripita za mita 2, yaani zile za masafa ya karibu 146 MHz, huku zinasikiliza kwenye masafa tofauti na zinaporushia, tofauti ni 600 kHz. Mkiwa mnaongea, tafuta kwenye redio yako namna ya kugeuza usikilize ile ya kuingilia, kwenye nyingi ni kitufe tu. Kama unamsikia jamaa yako moja kwa moja hapo, maana yake hamhitaji ripita, hameni mkaongee simpleksi, yaani redio kwa redio. Mkiitana kwenye 146.52 msikae hapohapo, ile ni ya kuitania, shukeni pembeni. Garland na Fort Worth najua ni mbali ila siku nyingine mmoja yuko kwenye daraja la juu la hailwei, mnashangaa mnasikilizana. Wazee wakikusikia unasema tunahama tuwaachie ripita, hapo umewamaliza.

---

rukia_leicester (Uingereza)

Assalaam aleikum wote. Mimi mtu wa Mombasa, Kibokoni, leseni yangu ni ya huku Uingereza. Kaka Fundi, hapo kwa kuhama mimi sikubali moja kwa moja. Kwa nini sisi ndio tuhame? Ripita zipo ili mwenye redio ndogo apate kusikika, na mtu wa redio ndogo hapo ni yeye. Anayekaa nyumbani na antena kwenye paa na wati 50, anayeongea na jirani wa mtaa wa pili kupitia ripita, huyo ndiye wa kuambiwa ahame. Huku kwetu kanuni ya adabu ndiyo hiyo, ripita ni ya walio garini na walio kwa miguu kwanza, wa nyumbani awapishe.

Ripita za huku nyingi hazilii piip tupu, zinakupa herufi ya morsi, K kwa mfano, maana yake haya sema. Mtu akibonya kabla ya hiyo herufi watu wanajua hana adabu, hawamwambii kitu, Waingereza tena, wanamnyamazia tu mpaka ajitambue mwenyewe. Yaani afadhali huyo mzee wenu wa Texas amesema.

Kiswahili kwenye ripita mimi naongea na shoga yangu wa Lamu. Tunachofanya, kabla hatujaanza nasema kwa Kiingereza kwamba tutaongea Kiswahili, anayetaka kuingia atukatize wakati wowote. Na kila tunapotaja kolsaini tunaacha nafasi ndefu. Siku moja akaingia mzee mmoja, nikajitayarisha kwa ugomvi, kumbe alikaa Tanga ujanani, akaniambia "hujambo mama" kwa lafudhi ya ajabu, nikacheka hadi nikaachia kitufe.

---

nyar_kisumu

Rukia umesema vile nilitaka kusema na nikashindwa. Mwenye wati 50 ahame.

---

mnyalu_dfw

Wakuu mrejesho. Nimemtafuta mwenye ripita, kolsaini ya ripita ukiitafuta inakupa jina la msimamizi, nikamwandikia imeli kistaarabu tu nikamuuliza kuna utaratibu wowote juu ya lugha na muda. Kajibu siku hiyohiyo. Kasema lugha yoyote karibu, kolsaini kwa Kiingereza, na hakujua kama kuna mtu katuambia vile, kaniomba tarehe na saa. Sikumpa jina la mtu maana hata silijui, mzee hakujitaja.

Ila kasema kitu ambacho hakuna aliyetuambia pale hewani. Kuna kikundi cha wazee wamekuwa wanakutana kwenye ripita hiyo jioni wakirudi kazini tangu miaka hiyo, wengine wameshastaafu hawarudi kutoka popote ila saa ile wanaingia tu. Haiko kwenye ratiba wala haijaandikwa popote, sio neti. Na ndio saa yetu sisi. Kwa hiyo walikuwa wanakuta kiti kimekaliwa kila jioni, na wanaoongea hawaelewi wanachosema. Anasema hawana haki ya saa hiyo, ila ndio hali. Kanishauri tuingie tuwasalimie, tujitambulishe, tuongee nao kidogo halafu tuwaombe zamu, au tutumie ripita yao nyingine ya 70 sentimita, yaani ya masafa ya juu zaidi, ambayo anasema inakaa bure wiki nzima haina mtu na inafika mpaka Fort Worth.

Jamaa yangu wa Eldoret anasema hasalimii mtu. Mimi naona tujaribu ile ya 70 kwa stori zetu na ile ya mita 2 niingie kuwasalimia mwenyewe.

---

nyar_kisumu

Mko na haki na bado nyinyi ndio mnahamia ripita yenye haina mtu. Haya. Lakini salimu ukiwa umekaa wima, si kama mtu anaomba msamaha.

---

kivu_desmoines

Mwambie ule wa Eldoret asalimie. Iko bure.

---

Fundi_Masafa

Safi sana. Mwenye ripita anayejibu imeli siku hiyohiyo ni wa kumshika. Waulize wanakubali mchango wa mwaka wa klabu, nyingi ni pesa ndogo tu, ukitoa hamtaulizwa tena nyie ni nani. Ile ya 70 sentimita kumbuka tofauti ya masafa sio 600 kHz, ni 5 MHz, na toni, ule mlio wa chini unaofungua ripita, inaweza kuwa tofauti, usije ukabonya ukadhani imekufa. Na ukibonya subiri kidogo kabla hujaongea, Baofeng na ripita yenye toni zinakula silabi ya kwanza, watakuwa wanasikia "lama" badala ya salama.

---

mushi_wa_kibosho

haya mmenishawishi, hiyo UV-5R nikiibeba mwezi wa 12 kwenda Moshi nitapata mtu wa kuongea nae?

---

Fundi_Masafa

Mushi kwanza una leseni? Na hata ukiwa nayo, ya FCC haikupi ruhusa ya kurusha Tanzania, leseni ya kule inatolewa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na kolsaini zao zinaanza na 5H, waandikie mapema kabla ya safari uulize na habari ya kuingiza redio, usije ukaiacha mezani kwa watu wa forodha uwanja wa ndege wa KIA. Halafu futa memori zote za ripita za Marekani, huku mita 2 inaanzia 144 mpaka 148 ila kwa kanda ya 1 ambayo Afrika nzima imo ni 144 mpaka 146, ukirusha 147 kule uko kwenye masafa ya watu wengine na hao hawatakuambia ongea Kiingereza, watakuja na gari.